Samaki wa Profesa na Zile Kurasa Nne

Tukihesabu vizuri, jambo zima lilitugharimu samaki mmoja mnene, wiki nzima ya kuoga kwa kikombe, ndoo moja ya rangi iliyopasuka, na kazi ya Profesa. Nimehesabu mara mbili. Ndoo ilikuwa yangu.

Alikuwa Mkenya, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na kazi yake ilikuwa kuwasoma Wacheki. Narudia, kwa sababu nikisema mara moja watu huniomba nirudie. Hakuwa anajifunza Kicheki ili aende huko kutafuta maisha, wala hakuwa ameolewa na Mcheki. Aliwasoma wao wenyewe: historia yao, siasa zao, wanakula nini, wanaogopa nini, na kwa nini makanisa yao ni mazuri hivyo na hayana watu. Kituo kimoja cha utafiti cha huko Ucheki kilimlipa akae Durban, afundishe kidogo hapa na pale, na aandike kitabu. Kibali chake cha kukaa Afrika Kusini kilishikana na kazi hiyo. Kazi ikikatika, kibali nacho kinakatika. Haya yote alinieleza siku ya kwanza kabisa, ili nimpunguzie bei.

Duka langu la simu liko Greyville, upande ambao siku ya mbio za farasi hupati pa kuegesha hata baiskeli. Wakati ule umeme ulikuwa unakatwa ovyo, na mimi nilikuwa na betri kubwa iliyowasha taa mbili na mtandao. Profesa alitaka kona moja, kiti kimoja na mtandao huo, azungumze na wazee wa Kicheki kwenye skrini. Nikamtajia bei ya saa. Akaniangalia kama mtu anayesubiri nimalize kukohoa.

"Nikikaa pale naandika," akasema, "mwizi ataingia?"

"Mwizi gani anaogopa kalamu?"

"Wewe umeibiwa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kulikuwa na mtu anaandika?"

Hakukuwa. Akalipa nusu ya bei, na katika miaka yote aliyokaa kwenye kona ile sikuibiwa hata waya wa chaji. Bado sijui kama hiyo ni hoja, lakini hela nilizipoteza.

Watu walimuuliza swali moja tu, kila siku, kwa lugha zote za Greyville: mama Mwafrika, na Wacheki wa nini? Wateja wangu walifikiri ni ujasusi, au ni mchumba. Yeye alijibu bila kuinua macho kwenye daftari: "Mzungu akija kuwasoma Wazulu, mnamuuliza nani alimtuma?" Halafu anaongeza: "Na wao hawakuomba ruhusa." Ila kwenye teksi hakujibu hivyo. Kwenye teksi alisema anauza bima ya mazishi. Nilimsikia mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini anadanganya, yeye anayehangaika wiki nzima kwa sababu ya tarehe moja ya mwaka wa zamani. Akasema mtu akisikia bima ya mazishi hageuki tena, na safari inabaki ya kwake.

Nyumbani kwake, ghorofa ya pili jengo la kona, palikuwa na sheria. Mlangoni kulikuwa na safu ya ndara za ndani, za kila ukubwa, na hakuna aliyevuka na viatu. Wacheki ndivyo wanavyoishi, alisema; hata fundi wa bomba huvua. Nilimpeleka Jaji pale siku moja. Jaji ni jirani yangu ndani ya fleti yetu ya familia tatu. Huko kwetu Kivu alikuwa hakimu kweli kweli, mwenye joho, na hapa analinda magari ya watu kwenye maegesho ya duka kubwa huko Overport, mwenye fulana ya kung'aa. Ana miguu kama mbao za dari. Hakuna ndara iliyomtosha. Akakaa kwenye sofa na soksi zake, kidole gumba cha kulia kikiwa nje, na akaongea kwa saa mbili kuhusu sheria za mirathi bila kukificha. Profesa aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kuwa yule mtu alikuwa hakimu.

Jaji alipenda kumbana kwa maswali. Siku Profesa alipotueleza kwamba Chekoslovakia ilikuwa nchi moja ikagawanyika ikawa mbili, Jaji aliweka kikombe chini.

"Ilikufa watu ngapi?"

"Hakuna."

"Hapana, Profesa. Nauliza, ilikufa watu ngapi."

"Hakuna aliyekufa. Walikaa mezani wakagawana. Treni, majengo, deni, kila kitu. Wacheki walikuwa kama mara mbili ya Waslovakia, basi wakagawa mbili kwa moja."

"Mbili kwa moja," nikasema. Hiyo niliielewa vizuri.

Jaji akatikisa kichwa muda mrefu. "Na msuluhishi alikuwa nani? Alitoka nchi gani? Alilala hoteli gani?"

"Hakukuwa na msuluhishi."

"Basi hiyo haikuwa siasa," Jaji akasema. "Hiyo ilikuwa biashara." Na akaniangalia mimi, kama vile nilikuwa na hisa ndani yake.

Kazi yenyewe niliiona kutoka nyuma ya kaunta. Profesa aliuliza swali kwa Kicheki, halafu akanyamaza. Mzee kule kwenye skrini naye akanyamaza. Ukimya unakaa, unakaa, wateja wanadhani mtandao umekatika, na mara nyingi mimi mwenyewe niliinuka kwenda kugusa mashine. Profesa ananikataza kwa kidole. Ndipo mzee anaanza kusema, taratibu, na sauti yake imebadilika. Nilimuuliza hiyo ni mbinu gani. Akasema mtu akimaliza kukuambia anachokumbuka, ukimwacha kidogo, anakuambia anachofikiria. Nimejaribu njia hiyo kwa wateja wanaobishania bei. Inafanya kazi. Imenilipia rafu mbili za vioo.

Si kila siku palikuwa na ukimya. Kuna mzee mmoja alitoka msituni na kapu la uyoga, akawa anauonyesha mmoja mmoja mbele ya kamera. Wacheki wote huenda msituni kuokota uyoga, Profesa alisema, tajiri na maskini, waziri na dereva. Ni kama sisi na harusi, kila mtu anadhani anajua. Mama Solange alikuwa dukani. Huyu ni jirani yetu wa tatu katika fleti, anasuka nywele saluni mtaa wa pili, na haogopi mtu. Mzee aliponyanyua uyoga wa rangi ya waridi, Mama Solange aliruka kwenye skrini.

"Baba! Hiyo tupa! Hiyo itakuua wewe!"

Mzee akauliza mama huyo anasema nini. Profesa akatafsiri. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka, akasema huo amekula tangu utotoni, ni mtamu na vitunguu.

"Mwambie banasemaka hivyo bote mbele ya kufa," Mama Solange akasema, yaani wote husema hivyo kabla ya kufa, na wiki nzima akawa ananiuliza kama yule baba bado anapiga simu.

Lakini nyingi ya hadithi zile zilikuwa za miaka baada ya vifaru. Nitaifupisha kama Profesa alivyonifupishia. Vifaru vya Warusi na wenzao viliingia nchini mwao. Baadaye watu wakaitwa kazini mmoja mmoja, wakaulizwa: mnakubali kwamba ule ulikuwa msaada wa kindugu? Aliyesema ndiyo alibaki na kazi yake. Aliyesema hapana, kama alikuwa mwalimu wa chuo, alikwenda kuchochea makaa kwenye mitambo ya joto ya majengo, au kuosha madirisha. Wengi walisema ndiyo. Wakanunua vijumba vidogo vijijini, na kila Ijumaa wakaondoka mjini kwenda kupaka rangi uzio na kupanda vitunguu, wasiongee siasa na mtu. Profesa aliwahoji wa aina zote mbili. Sikumsikia hata mara moja akiwacheka waliosema ndiyo. "Walikuwa na watoto," alisema. Nikamwambia kwa hiyo unawasamehe. Akasema si kazi yake kusamehe, kazi yake ni kuhakikisha hawapotei.

Jambo lisilofaa kuachwa ni kwamba mtu huyu aliyewasoma wasioamini aliimba kwaya. Kila Jumapili, sauti ya pili, joho la zambarau, hakukosa. Pasta wetu wa Kikongomani alimwalika kanisani kwetu atueleze habari za nchi ile isiyo na Mungu, akitumaini watu wataogopa.

"Hawa watu, Profesa," Pasta akasema mbele ya wote, "kama hawaamini, Krismasi wanafanya nini?"

"Wanafanya Krismasi," Profesa akasema.

Pasta akasubiri iliyobaki. Hapakuwa na iliyobaki. Akaketi, na sisi tukaimba mapema kuliko ratiba.

Ila jibu lile lilikuwa ndicho kitabu chake chote. Kitabu kilihusu Krismasi ya watu wasioamini. Moyo wa kitabu ulikuwa sura ya samaki. Wacheki hula samaki usiku wa Krismasi, mnene, mwenye magamba makubwa na sharubu fupi. Wao humwita kapr. Hununuliwa akiwa hai barabarani, kwenye mapipa, na zamani, wakati fleti zilikuwa ndogo na friji chache, aliwekwa kwenye bafu la kujilaza mpaka siku yake ifike. Watu hawaogi. Watoto wanampa jina. Na siku ikifika, baba anashindwa kumuua, familia nzima inambeba kwenye ndoo kwenda kumwachia mtoni, na mezani panaliwa kitu kingine. Profesa alikuwa amekusanya hadithi nyingi za namna hiyo. Akaandika kwamba hapo ndipo imani yao ilipohamia: anayekaa ndani ya nyumba na kupewa jina, mkono unakataa kumchinja.

Lakini kulikuwa na wasomi wenzake walioandika kwamba hizo ni hadithi tamu za baadaye, kwamba watu walimla samaki kama kawaida na wakaongeza habari ya mto walipozeeka. Jambo hilo lilimuuma. Na Desemba ile mkubwa wa kile kituo, mama mmoja wa makamo ya bibi, alikuwa anakuja Durban kukagua kazi na kuamua kama Profesa ataongezewa miaka mitatu au la. Ndipo akaja dukani, akakaa, akasema:

"Nataka kuweka samaki kwenye bafu lenu."

"Weka kwako."

"Kwangu kuna shawa tu. Na kwangu naishi peke yangu. Nataka nyumba yenye watu."

"Profesa, bafu lile ni la watu tisa."

"Ni saba. Umewahesabu watoto wa Mama Solange mara mbili."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana kuku watatu wa Krismasi, mmoja kwa kila familia, wakubwa, na yeye aje kila siku kukaa na daftari bila kumwambia mtu afanye nini. Samaki nilimtafuta mimi. Kuna mzee mmoja wa kiwanda huko Jacobs ambaye Jumamosi huvua kwenye bwawa nje ya mji. Alitaka zaidi kwa samaki aliye hai. Nikamwambia aliye hai anatakiwa kuwa rahisi, kwa sababu kazi ya kumuua bado haijafanyika. Akafikiri, akasema eish, akapunguza. Tulimleta ndani ya ndoo ya rangi, na ndoo ikapasuka kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, tukakimbia naye mikononi kama mgonjwa.

Siku ya kwanza tulimwita kapr. Siku ya pili Mama Solange alimwita Bailleur, maana yake kwetu mwenye nyumba, kwa sababu alilala siku nzima, hakulipa chochote, na sisi ndio tuliooga kwa kikombe. Jina likashika. Profesa aliandika jambo hilo kwa furaha, akalipigia mstari mara mbili, ingawa uso ulibaki vilevile.

Halafu maji ya mji yakakatika, kama yanavyokatika. Kawaida maji yakikatika tunategemea bafu, maana tunalijaza kila jioni kwa ajili ya choo na vyombo. Sasa ndani ya akiba yetu yote kuna mtu anaishi. Mama Solange anaingia na sufuria: "Bailleur, sogea. Sogea, nasema. Wewe iko na maringo kama wa kweli." Akichota, anamhadithia habari za saluni, nani hajalipa, nani ameachwa. Jaji naye alirudi kutoka maegeshoni, akakaa ukingoni, akamsomea habari za nyumbani kwa Kifaransa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni msikilizaji pekee katika jengo hili asiye na maoni kuhusu Kivu. Mke wangu alimwekea makombo ya mkate na kukana. Profesa alikaa juu ya kifuniko cha choo, akiandika. Mtu akitaka choo, anatoka, anasubiri koridoni, anarudi.

Mgeni alikuja Alhamisi mchana. Mama mwembamba, nywele nyeupe, alivua viatu mlangoni kabla hatujamsalimia. Fleti nzima iliona aibu. Mgeni kukanyaga sakafu ya watu kwa soksi! Mama Solange akakimbia kutafuta kanga ya kumtandikia. Tukamwonyesha chumba, tukamwonyesha Bailleur. Mgeni alipiga magoti pale bafuni. Akatia vidole majini, akamgusa mgongoni, akasema maneno ya kwao polepole, akatabasamu. Kisha Profesa akampeleka sebuleni kunywa chai na kumweleza sura ile.

Sasa hapa ndipo lazima nieleze kitu ambacho hakuna aliyemweleza Profesa, kwa sababu sisi hatukujua kwamba kinahitaji kuelezwa. Kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa mnyama akiwa hai. Mbuzi, kuku, chochote ulicho nacho. Unamleta mbele yake aone kwamba hukumpa kilichobaki jikoni. Akimgusa, amekubali, na wewe unakwenda kuchinja. Sote tulimwona mgeni akigusa. Hatukusemezana hata neno.

Sebuleni Profesa alikuwa anafafanua, kwa Kiingereza ili na mimi nifuate, kwamba katika nyumba hii, kwa ushahidi wa siku zote hizi, hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumwinulia mkono. Mgeni alikubali kwa kichwa. Harufu ya mafuta ya mawese ilikuwa imeanza kufika. Profesa aliisikia. Nilimwona akiisikia. Alimaliza sentensi yake, kisha akanyamaza, na safari hii haikuwa mbinu.

Jaji akatokea mlangoni, mikono ya shati imelowa hadi kwenye viwiko. "Mama mgeni," akasema kwa sauti yake ya mahakamani, "imefanyika kwa heshima yako."

Nikaenda jikoni. Mama Solange alikuwa anakaanga na analia, machozi kabisa, yanadondoka kwenye aproni.

"Ni vitunguu?" nikamuuliza.

"Vitunguu ya nini! Namulia yeye. Alikuwa ananisikiliza. Leta chumvi."

Tulikula sote, na bukari, ugali wetu, kwa mikono. Mgeni hakunyosha mkono kwanza. Profesa akatutafsiria kile alichokisema bafuni: kwao baba yake alishindwa kila mwaka, walimpeleka mtoni kila mwaka, na katika maisha yake yote hakuwahi kumla aliyemfahamu. Halafu akachukua kipande cha tumbo, akala, akaomba kingine. Aliomba pia magamba machache akaweka kwenye pochi. Huko kwao huvuta pesa. Nami nikaweka machache. Mpaka sasa siwezi kusema ndiyo wala hapana.

Profesa alikwenda nyumbani akaandika kurasa nne. Aliandika kila kitu: kikombe, makombo, Kifaransa, mgeni kugusa, kisu, machozi, chumvi. Na mwishoni akaandika kwamba yeye alikosea. Jina halizuii mkono. Katika nyumba hii samaki alipewa jina, alipendwa, akaliliwa na akaliwa, vyote ndani ya wiki moja, na hakuna aliyeona kwamba kimoja kinapingana na kingine.

Barua ya kituo ilifika mwaka ulipoanza. Kitabu kimependwa. Miaka mitatu iko tayari, kibali kitaandikiwa barua. Jambo moja tu: kurasa nne za Durban zitoke. Kitabu kinahusu Wacheki, walisema, na kurasa zile zinaangusha sura nzima kwa ajili ya kichekesho kimoja cha bafuni. Mgeni mwenyewe aliweka sahihi. Chini aliongeza kwa mkono kwamba chakula kilikuwa kizuri sana.

"Zitoe," nikasema. Tulikuwa dukani. "Kurasa nne! Kitabu kina ngapi?"

"Mia tatu na kitu."

"Mia tatu na kitu, toa nne, hata mzani hautaona. Au ziweke mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Au andika kwamba samaki alikufa mwenyewe."

"Alikufa kwa kisu."

"Profesa, wewe ulinibana saa nzima kwa kava ya simu. Kava! Leo wanakupa miaka mitatu kwa kurasa nne na hutaki hata kushuka moja?"

"Kava ilikuwa yako," akasema. "Hizi mia tatu zote niliambiwa na watu. Hizo nne niliona kwa macho yangu."

"Waliosema ndiyo kwa ajili ya watoto huwalaumu."

"Siwalaumu."

"Basi jisamehe na wewe mapema."

Jioni ile akaja kwetu kutusomea zile kurasa kwa Kiswahili, ili kama kuna uongo tuuseme. Mama Solange alisahihisha kiasi cha chumvi. Jaji alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Tangu nifike nchi hii," akasema, "nimeandikwa mara nyingi. Ofisi ya wakimbizi, kliniki, polisi. Wananiandika kwamba nimekuja, nimeomba, nimekataliwa. Hapa imeandikwa kwamba mgeni alikuja kwetu na mimi nikachinja." Akarudisha miwani. "Lakini Profesa, riziki yako ni riziki yako. Toa kama unatoa."

Hakutoa. Kazi ikakatika katikati ya mwaka. Kuku watatu walikuwa wameshalipwa. Hilo lazima niliseme kwa haki yake.

Nilimwona Jumamosi iliyopita. Amehamia Sydenham, chumba cha nyuma kwenye uwanja wa familia moja, chenye dirisha linalotazama kamba ya nguo. Nilimpelekea simu aliyoniachia nibadilishe kioo. Amekonda. Kwenye meza palikuwa na kitabu chake chote, kimefungwa kwa kamba, na juu yake bahasha mpya. Alinitengenezea chai, akasukuma bahasha kwangu, kisha akakumbuka kwamba iko kwa Kicheki, akanieleza.

Kituo kimemwandikia kwa mara ya mwisho. Hawajashuka. Kurasa nne zikitoka, kitabu kinachapishwa mwaka huu, kazi inarudi, kibali kinaongezwa. Zisipotoka, kitabu hakitachapishwa nao, na hakuna mwingine mwenye hela ya kuchapisha kitabu cha Kicheki cha Mkenya. Kibali chake, alichoachiwa kimalize muda wake, kinakwisha mwisho wa mwezi. Wanataka jibu Ijumaa.

"Jibu unalo," nikasema. "Ulishalitoa."

"Nililitoa wakati nilidhani ni kazi yangu tu." Akafungua simu, kioo kipya, akanisikilizisha sauti ya mama mmoja mzee, kikohozi kingi katikati ya maneno. Alikuwa mwalimu wa fizikia aliyekataa kusema ule ulikuwa msaada wa kindugu, akachochea makaa mpaka akastaafu. Hakuwahi kumsimulia mtu mpaka alipomsimulia Profesa. "Anauliza kitabu kiko wapi. Anauliza kila wiki. Wawili kati yao wamekufa tangu barua ya kwanza ije, nao waliuliza. Niliwaahidi wote. Nikibaki na kurasa zangu nne, wao na kurasa zao mia tatu na kitu wanabaki kwenye hii kamba."

Nilitaka kusema toa. Neno lilikuwa mdomoni, nimelisema mara ngapi. Lakini nikamwona Jaji na miwani yake, na mke wangu anayekana makombo, na nikaona kwamba safari hii wanaotakiwa kutolewa ni sisi. Nikanywa chai. Ilikuwa imekwisha, nikanywa kikombe kitupu.

Akanyamaza, akaniacha nifikirie. Nilijua anafanya nini na bado sikupata kitu.

"Wewe nishauri," akasema mwishoni. Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo kwa ajili yake. "Si rafiki anayenishauri. Mfanyabiashara. Nitoe, au nisitoe?"

Nikamwambia anipe mpaka Alhamisi. Leo ni Jumanne, wateja wameondoka, nimeandika upande wa kutoa na upande wa kutotoa, nikajumlisha, nikarudia, na kila nikirudia napata jibu tofauti. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma, mliowahi kuahidi na mliowahi kuandikwa: mimi nimwambie nini?